Flashi na diski za nje zichaguliwe kwa kazi yake, si kwa tarakimu ya kwenye pakiti

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nichangie makala iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wa teknolojia wa gazeti lako, ambayo iliwashauri wenye kompyuta nyumbani wanunue flashi au diski ya nje yenye ukubwa wa juu kabisa ambao mfuko utamudu, kwa maelezo kwamba nafasi haijawahi kumtosha mtu. Mwandishi alikuwa na nia njema, na aliposema kwamba picha za familia zisiachwe ndani ya kompyuta peke yake alisema kweli tupu. Hata hivyo, ushauri wa kutanguliza ukubwa ndio unaowaingiza watu hasarani madukani, kwa kuwa tarakimu iliyochapwa kwenye pakiti ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kughushi, na hata inapokuwa ya kweli haimwambii mnunuzi kama kifaa kinaifaa kazi anayokinunulia.

Kazi zenyewe hazifanani, ingawa tumezoea kuzibebesha zote kifaa kimoja kinachoning'inia kwenye funguo za nyumba. Kuna kuhamisha: barua ya maombi ya kazi inayopelekwa stesheneri ikachapwe, kaswida au kwaya za kusikiliza kwenye gari, kazi ya mtoto inayotoka shuleni kuja nyumbani. Na kuna kuweka akiba, yaani kuwa na nakala ya pili ya vitu ambavyo kompyuta ikiharibika au ikiibwa haviwezi kupatikana tena kwa fedha yoyote. Kifaa kinachofaa kwa kazi ya kwanza mara nyingi ndicho kibaya kuliko vyote kwa kazi ya pili, na mtu akiulizwa dukani anataka cha nini, anastahili kuwa na jibu kabla hajataja gigabaiti.

Flashi ya kutembea nayo haihitaji kuwa kubwa. Wasifu, barua, vyeti vilivyoskaniwa na kazi za shule za watoto wa nyumba nzima haviwezi kuijaza flashi ya gigabaiti 16, na flashi ya namna hiyo ikidondoka kwenye daladala kilichopotea ni fedha kidogo, mradi ndani yake hamna kitu ambacho hakipo mahali pengine. Ukubwa hapa hugeuka kuwa kishawishi. Mwenye gigabaiti 256 mfukoni huishia kuweka humo kila alichonacho: picha za msiba wa mzazi, hati ya kiwanja, nakala ya pasipoti, taarifa za benki. Siku ya kuchapa karatasi mbili anaichomeka kwenye kompyuta ya stesheneri ambayo tangu asubuhi imekwisha kupokea flashi za watu wasiojuana, na kijana aliyeko kaunta, bila ubaya wowote, anapita juu ya mafolda yote hayo akiitafuta ile barua. Ndiyo maana naona kila nyumba iwe na flashi ndogo ya kwenda nayo nje ambayo haiingizwi kitu kingine chochote zaidi ya kile kinachopelekwa siku hiyo.

Virusi ni sababu nyingine ya kufanya hivyo. Wengi wamewahi kutoka stesheneri, wakaifungua flashi nyumbani na kukuta kila folda imegeuka njia ya mkato yenye mshale mdogo pembeni, na kuibofya ndiko kunakoiambukiza kompyuta ya nyumbani. Katika visa vingi vya aina hii faili zenyewe hazijafutwa. Zimefichwa tu, na fundi anayeijua kazi yake husafisha virusi kwanza kisha akazirudisha kwa amri ya attrib, ambayo huondoa ile alama ya kufichwa. Anayezipoteza kabisa ni yule anayekimbilia kuiformati flashi kwa hofu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia hata matoleo ya zamani ya Windows yasiendeshe programu yenyewe pindi flashi inapochomekwa, na hilo limepunguza balaa kwa kiasi kikubwa, lakini njia ya mkato haingoji ruhusa ya Windows. Inangoja kidole cha mtu.

Sasa niligusie jambo ambalo makala ile haikuligusa kabisa, nalo huwarudisha watu dukani wakiwa na hasira. Mpiga video wa harusi amemaliza kazi, na filamu yote ya kanisani na ukumbini ameiweka katika faili moja yenye gigabaiti 7. Wenye harusi wana flashi mpya ya gigabaiti 32, tupu kabisa. Wanaanza kuinakili, na papo hapo kompyuta inakataa, ikisema faili hiyo ni kubwa mno. Wanaiangalia nafasi: imebaki karibu yote. Wanahitimisha kwamba flashi ni bandia, na muuzaji naye, kwa kutojua, anawabadilishia nyingine inayokataa vilevile. Flashi zote mbili ni nzima. Tatizo liko kwenye mpangilio unaotumika kupanga faili ndani yake, uitwao FAT32, ambao ulikuja na toleo la Windows 95 la mwaka 1996. Katika mpangilio huo ukubwa wa kila faili huandikwa kwa tarakimu ya biti 32, na tarakimu hiyo haiwezi kufika mbali zaidi ya gigabaiti 4, hata kama flashi ina nafasi ya kuweka faili kama hizo mia moja. Flashi za gigabaiti 32 kushuka chini kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio huo.

Dawa ipo, nayo haina gharama. Flashi hiyo ikiformatiwa upya kwa mpangilio wa exFAT, uliotolewa na Microsoft mwaka 2006, itapokea filamu nzima, na itasomeka na kuandikika kwenye Windows, kwenye Mac na kwenye matoleo ya sasa ya Linux. Ila kuformati hufuta kila kilichomo, kwa hiyo jambo hilo lifanywe siku ya kununua, si siku ambayo flashi imekwisha kujaa. Tena kabla ya kufanya hivyo mtu ajiulize flashi hiyo itachomekwa wapi. Redio nyingi za gari na televisheni nyingi za miaka ya nyuma hazitambui kitu kingine zaidi ya FAT32, na exFAT kwao ni sawa na flashi iliyokufa. Mwenye televisheni ya namna hiyo ni bora aiache flashi kama ilivyo na amwombe mpiga video aikate filamu vipande vya chini ya gigabaiti 4. Ni kazi ya dakika chache kwake, na bibi aliyeko kijijini ataiona harusi ya mjukuu wake bila kumtafuta fundi. Kwa diski ambayo haitatoka kwenye kompyuta moja ya Windows, mpangilio wa NTFS una faida yake, kwa sababu huweka kumbukumbu ya kila badiliko linaloendelea, na umeme unapokatika katikati ya kunakili ni rahisi zaidi kwake kurudi katika hali ya uzima kuliko exFAT, isiyo na kumbukumbu hiyo. Mwenye Mac ajue tu kwamba kompyuta yake itasoma diski ya NTFS lakini haitaiandika bila programu ya ziada.

Nikija kwenye akiba, uchaguzi uliopo kwa mwananchi wa kawaida ni kati ya diski ya nje yenye sahani zinazozunguka na ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ambayo madukani huitwa SSD. Ile ya kwanza, ya inchi 2.5, ina sahani ambazo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali ambao ni mdogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Kwa sababu hiyo haitaki kuangushwa wala kusukumwa inapofanya kazi, na katika nyumba yenye watoto kinachoimaliza mara nyingi ni waya unaovuka kutoka mezani hadi kwenye kochi. Ile ya pili huvumilia kuanguka, ni nyepesi, na mwendo wake ni wa kasi zaidi. Kwa anayebeba kazi zake kila siku kati ya nyumbani na ofisini, au anayehariri video moja kwa moja kutoka kwenye diski ya nje kwa kuwa ya ndani imejaa, SSD inastahili bei yake.

Lakini kwa akiba ya kuweka kabatini simshauri mtu aitegemee SSD, wala flashi, peke yake, na sababu yake haisemwi madukani. Vifaa hivi hutunza data kwa chaji ndogo za umeme zilizofungiwa ndani ya vijumba vyake, na chaji hizo huvuja polepole kifaa kinapokaa bila kuchomekwa, tena huvuja haraka zaidi panapokuwa na joto. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki, ambacho watengenezaji hukifuata, kinataka SSD ya mtumiaji wa kawaida iliyokwisha kumaliza umri wake wa kuandikwa iweze kutunza data bila umeme kwa mwaka 1 kwenye nyuzi joto 30. Kifaa kipya hutunza kwa muda mrefu zaidi ya hapo, lakini wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa joto la Februari, achilia mbali ndani ya gari lililoegeshwa juani. Diski ya sahani huandika kwa sumaku, haivuji kwa namna hiyo, bei ya kila gigabaiti yake ni ndogo, na inapokaribia kufa mara nyingi hutoa dalili, kama vile kugonga-gonga au kuchelewa kufungua faili, jambo linalompa mwenye mali nafasi ya kuokoa kilichomo. Flashi hufa kimya. Kwa hiyo, kwa picha za miaka mingi, mimi ningenunua diski ya sahani, nikaichomeka mara chache kwa mwaka kuongeza picha mpya na kufungua chache za zamani kuona kama bado ziko salama.

Kasi nayo ina hadithi yake, na hapa wanaotumia kompyuta za mtumba, ambao ni wengi wetu, wana la kujihadhari nalo. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2012 zina matundu ya USB 2.0 tu, ambayo kwa matumizi halisi hayapitishi zaidi ya megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, hata ukiyachomekea kifaa cha bei gani. Tundu la USB 3.0 mara nyingi hutambulika kwa rangi ya buluu ndani yake au kwa herufi SS zilizochorwa pembeni. Tuchukue gigabaiti 100 za picha na video. Kwa SSD iliyochomekwa kwenye tundu jipya, inayoandika megabaiti 400 kwa sekunde, kazi inaisha kwa dakika 4 hivi. Kwa diski ya sahani inayoandika megabaiti 100, ni kama dakika 17. Kwa kifaa chochote kwenye tundu la USB 2.0, ni zaidi ya dakika 40. Na kwa flashi ya bei rahisi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde ni saa 2 na dakika 47, ukiomba umeme usikatike. Mwenye kompyuta ya matundu ya zamani ambaye amenunua SSD kwa ajili ya kasi amelipia kitu ambacho hawezi kukitumia mpaka abadilishe kompyuta, na muuzaji mwaminifu angemuuliza hilo kwanza.

Tundu la zamani lina udhaifu mwingine. Hutoa umeme wa miliampia 500, wakati la USB 3.0 hutoa 900, na kuna diski za sahani ambazo kwenye matundu ya mbele ya kompyuta ya mezani huwaka taa, zikagonga kidogo na kushindwa kuzunguka. Kabla ya kuitangaza kuwa imekufa, ichomekwe kwenye tundu la nyuma, lililopachikwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, na waya wake ubadilishwe. Waya mfupi uliokuja na diski usipotezwe. Huo mrefu unaouzwa barabarani unaweza kuwa wa kuchajia simu tu, au kuwa mwembamba kiasi cha kupoteza umeme njiani.

Kadi ndogo za kumbukumbu za simu, yaani microSD, sizipingi kwa kazi ya simu na kamera, lakini si mahali pa kuweka akiba, na mwenye simu ya Android aliyeikubalia simu yake kuifanya kadi kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani ajue kwamba kadi hiyo imefungwa kwa usimbaji, yaani data yake imegeuzwa kuwa ya siri, na haitasomeka kwenye kompyuta yoyote. Sahani za DVD, zenye gigabaiti 4.7, zimekwisha kupitwa na wakati kwa sababu kompyuta nyingi mpya hazina mahali pa kuziingiza. Hifadhi ya mtandaoni inasaidia sana kwa vyeti na hati, na gigabaiti 15 ambazo Google humpa kila mtu bure zinatosha kwa hizo, ingawa barua pepe na picha hugawana nafasi hiyohiyo; kwa video za familia, gharama ya bando na kasi ya kupandisha huirudisha nyumba nyingi kwenye diski ya mkononi.

Naomba sasa nitumie nafasi kubwa kidogo kueleza flashi bandia, kwa sababu ndizo zinazoufanya ushauri wa ukubwa kwanza kuwa wa hatari. Flashi au diski ya namna hii si kopo tupu. Ndani yake mna hifadhi ya kweli, pengine gigabaiti 16 au 32, na mna kidude kinachoisimamia, ambacho kimepangwa upya ili kiidanganye kompyuta kwamba nafasi iliyopo ni terabaiti 2, yaani gigabaiti 2,000. Ukiichomeka, kompyuta inaonyesha terabaiti 2 kwa uaminifu wote, kwa sababu hiyo ndiyo habari iliyopewa. Ukinakili picha chache, zinafunguka vizuri, kwa sababu zimeingia katika ile nafasi ya kweli. Tatizo huanza nafasi hiyo ikishajaa: flashi huendelea kupokea faili bila kulalamika, lakini ama inazitupa, ama inaziandika juu ya zile za mwanzo. Majina yote yanaonekana, ukubwa wa kila faili unaonekana, tarehe zinaonekana, ila ukifungua picha unakuta nusu yake ni kijivu au haifunguki kabisa. Wakati huo miezi imepita, kompyuta imekwisha kusafishwa kwa kuwa mwenyewe aliamini ana nakala, na risiti haijulikani iliko.

Kuna diski za nje za aina hiyohiyo, zenye kasha zuri la chuma na maandishi ya SSD, ambazo zikifunguliwa zinakutwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu iliyobandikwa kwenye kibao kidogo cha saketi. Kwa hiyo uzito na mng'aro wa kasha si ushahidi wa kitu. Bei ni ushahidi mzuri zaidi: panapouzwa flashi ya terabaiti 2 kwa fedha ambayo kwenye duka la jirani inanunua gigabaiti 64, mnunuzi hana haja ya kupima chochote, aondoke tu.

Kwa kifaa ambacho bei yake ni ya kawaida, kipimo kipo na ni bure. Programu ya H2testw, iliyotokana na jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't, hukijaza kifaa chote kwa faili za majaribio kisha huzisoma tena moja baada ya nyingine kuona kama zimerudi kama zilivyoingia. Wenye Linux na Mac wana F3, inayofanya kazi hiyohiyo. Mwishoni mtu anapata jibu lisilo na utata la ukubwa wa kweli, na pia kasi ya kuandika na kusoma, ambayo ni habari nzuri ya ziada. Shida yake ni muda. Flashi ya gigabaiti 64 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde huchukua kama saa 1 na dakika 47 kujaa, bado kusomwa tena, na diski ya terabaiti 1 yenye kasi ya megabaiti 100 huchukua karibu saa 3 kujazwa. Hakuna duka litakalomwacha mteja akae kaunta muda huo. Kipimo hiki, basi, ni cha nyumbani usiku wa siku ya kununua, kifaa kikiwa bado kitupu, na kabla ya kukabidhiwa picha hata moja.

Niwatetee wauzaji katika jambo moja. Diski halali ya terabaiti 1 ikichomekwa kwenye Windows huonyesha gigabaiti 931, na flashi ya gigabaiti 64 huonyesha chini kidogo ya 60. Huo si wizi. Kiwanda huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja kamili, wakati Windows hugawa idadi ya baiti kwa 1,073,741,824, na tofauti inaongezeka kadiri kifaa kinavyokuwa kikubwa. Nimewahi kushuhudia mzozo wa kaunta uliotokana na hesabu hii tu, mteja akiwa na kifaa kizuri kabisa mkononi.

Lakini lipo jambo ambalo siwezi kuwatetea. Kwenye risiti na kwenye kuta za maduka mengi pameandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa nguo au sahani za chakula, ambazo mnunuzi anaweza kuzigeuza na kuzikagua kabla ya kulipa, maneno hayo yana mantiki. Kwa kifaa ambacho kasoro yake haionekani kwa macho, na ambacho kukipima kunachukua saa kadhaa, maneno hayo yanamtwika mnunuzi hasara ya udanganyifu ambao hakuwa na njia ya kuuona. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Na pakiti inayosema terabaiti 2 ni maelezo. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ina jukumu la kupambana na bidhaa bandia, na nafahamu kwamba hukamata na kuteketeza shehena zake. Ombi langu kwa Tume ni kwamba flashi, kadi na diski zipimwe kwa kujazwa, si kwa kuangaliwa nembo tu, kwa sababu kifaa chaweza kuwa na jina lisilo la kampuni yoyote, na hivyo kisiwe kimeiga nembo ya mtu, kikawa bado ni cha udanganyifu.

Upande wa mnunuzi, risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, idaiwe, na juu yake, au kwenye karatasi ya udhamini, iandikwe ukubwa wa kifaa na namba yake. Risiti iliyoandikwa "flash 1" haimsaidii mtu mbele ya ofisa yeyote, kwani haisemi ni flashi gani wala ya ukubwa gani.

Nimalizie na hesabu ya fedha, ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mwandishi wa makala alisema mwenye uwezo wa diski ya terabaiti 2 asinunue ya 1. Mimi nasema anunue mbili za terabaiti 1, hata kama kwa pamoja zitamgharimu zaidi kidogo, kwa sababu diski moja, iwe kubwa kiasi gani, ikiwa ndiyo nakala pekee ya picha ambazo zimefutwa kwenye kompyuta, si akiba; imekuwa ndiyo yenyewe. Na hizo mbili zisikae mahali pamoja. Diski inayokaa kwenye mkoba wa kompyuta huondoka na mwizi wa kompyuta, na iliyo kwenye droo ya chini huondoka na maji, jambo ambalo wakazi wa Bonde la Msimbazi wanalijua kuliko mimi. Ya pili ipelekwe kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine, ibadilishwe na ya nyumbani kila baada ya miezi michache, na kwa kuwa itakaa mikononi mwa watu wengine ifungwe kwa nenosiri: BitLocker kwa wenye Windows ya toleo la Pro, au VeraCrypt, ambayo ni ya bure, kwa wengine wote. Nenosiri hilo liandikwe kwenye karatasi na kutunzwa pamoja na hati za nyumba, kwani likipotea hakuna fundi wa kulivunja. Pwani, diski iwekwe kwenye mfuko unaofungika pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kutu kwenye ncha za waya ni tatizo la kawaida huku kwetu kuliko watengenezaji wanavyoandika.

Kwa gazeti lako, Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Ukurasa wa teknolojia utakapochapa tena bei za flashi na diski, uongeze safu mbili: kasi ya kuandika, na muda ambao duka linakubali kifaa kirudishwe kama kipimo cha nyumbani kitaonyesha ukubwa usiolingana na pakiti. Siku tatu zingetosha kwa kipimo chochote nilichokieleza hapa, na maduka yatakayokataa kujaza safu hiyo ya pili yatajwe kwamba yameombwa na hayakujaza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam